Uliza Dizaina: Kazi za Wateja, Kazi Zako Mwenyewe, na Khanga Inayolala Kwenye Laptopu

Habari zenu wadau. Mwezi huu barua nyingi zimekuja na kilio kimoja hata kama walioandika hawajuani: kutwa nzima nafanya kazi za watu, zangu nazifanya saa ngapi, na zitanisaidia nini? Barua nimezifupisha na majina nimeyatoa kama mlivyoomba. Kuna swali moja la khanga nimelijibu kwa kirefu, mnivumilie, hilo nalipenda.

Dada shikamoo. Niko Tabata, nafanya kazi kwenye steshenari. Kutwa ni kadi za harusi, kadi za michango, ratiba za mazishi na mabenna ya kuwapongeza wahitimu. Ndoto yangu ni vifungashio vya bidhaa na kava za vitabu ila kila nikipeleka potifolio, yani mkusanyiko wa kazi zangu, naambiwa "tutakutafuta" na hawanitafuti. Mteja wa aina hiyo sijawahi kumpata hata mmoja, sasa naanzia wapi?

Marahaba mdogo wangu. Mtu anakupa kazi inayofanana na ile aliyoiona kwako, ukimwonyesha kadi za harusi tupu atakukumbuka siku binti yake akiolewa, basi. Kwa hiyo usimsubiri mteja wa vifungashio aje ndo uanze, hiyo kazi jipe mwenyewe.

Ila hapa ndo wengi wanapotea. Wanachukua kampuni kubwa ya soda wanaitengenezea logo mpya, wanaipachika kwenye mokapu, yani picha ya mfano, ya chupa inayong'aa waliyoishusha bure mtandaoni, wanaposti. Hiyo kila mtu kafanya, na ubaya wake hujui kampuni ilikuwa na shida gani, hujui chupa inachapwaje, yani umependezesha tu. We chukua kitu unachoweza kukigusa. Hapo mtaani kwenu kuna mtu anauza ubuyu, achari, karanga, mafuta ya nazi. Nenda kamuulize mfuko mmoja unamgharimu shilingi ngapi, anaufunga na nini, wanaonunua ni watoto wa shule au watu wa daladala, stika ikiingia mafuta inakuwaje. Ukishapata majibu hayo una brifu, yani maelezo ya kazi, kamili kuliko zile wanazotuma mabosi wengi kwa WhatsApp kwa voisi ya dakika nane. Tengeneza stika ya rangi mbili anayoweza kuimudu, ichape kweli, ibandike, piga picha ikiwa pale kwenye meza yake na vumbi lake. Mtu wa kampuni akiiona anajua huyu anaelewa gharama, anaelewa karatasi, si mtu wa kuchora tu.

Na jiwekee mipaka migumu, tena migumu kuliko ya mteja. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa vipande vya hadibodi na rangi ya kung'aa ya kupakia baiskeli, si kwa turubai wala rangi za wasanii wa chuoni, na mwaka 1972 akafariki. Miaka minne hivi tu. Lakini ile rangi nzito isiyotaka kuchanganywa sana ndo iliyozaa yale maumbo makubwa na madoa tunayoyajua mpaka leo, na watu wengi bado wanakula kupitia mtindo ule. We ukikaa na Photoshop yenye rangi milioni na fonti elfu unatapatapa. Sema: rangi mbili, fonti moja, saizi moja ya karatasi, nimalize Jumapili.

Kitu kingine, kadi za harusi usizitupe zote. Acha mbili tatu nzuri na chini yake andika kwa kifupi tatizo lilikuwa nini na ulilitatuaje. Kadi ya mchango ikimfanya mtu alipe kwa wakati hiyo ni dizaini, wala usione haya.

Na kama umeishiwa wazo, angalia ile mistari ya rangi kwenye daladala za Dar inayoonyesha gari linaelekea wapi. Ule ni mfumo wa rangi unaotumika kila siku na watu wasiosoma hata ubao wa mbele. Posta za mradi huo ningezinunua mimi wa kwanza.

Dada, niko Mwanza. Nimechora posta ya tamasha bluu kali nzuri, printi imetoka zambarau. Mchapaji anasema kosa langu, mi nasema mashine yake mbovu. Nani mkweli?

Mchapaji. Samahani.

Skrini inatoa mwanga, inajenga rangi kwa nyekundu, kijani na bluu, hiyo RGB. Mashine ya kuchapa inaweka wino: sayani, majenta, njano na nyeusi, ndo CMYK. Ile bluu kali ya skrini wino hauwezi kuifikia, programu ikibadilisha inaweka majenta nyingi na ndo hiyo zambarau yako. Anza faili lako kwenye CMYK tangu mwanzo, halafu kwenye bluu hakikisha majenta iko chini ya sayani kwa asilimia 30 hivi au zaidi. Maandishi madogo yape nyeusi peke yake, asilimia 100, usichanganye wino nne, zikihama kidogo tu herufi zinakuwa na kivuli. Acha milimita 3 za ziada kila upande kwa ajili ya kukatwa. Na kabla ya kuchapa mia tano lipia moja, ikae mkononi uione juani. Bei ya hiyo moja ni soda tu.

Salaam aleikum dada. Mie niko Mombasa, kazi yangu ni kutengeneza matangazo ya ofisi ya watalii. Mradi wangu wa moyoni ni khanga, ninazo dizaini kwenye laptopu zimelala tangu mwaka jana. Nikiwaonyesha watu wasema nzuri, ila mamangu alipoona alisema "hii si khanga, hii ni posta". Niliumia kidogo. Nifanyeje ili niitoe iwe khanga kweli?

Waaleikum salaam. Mamako ni mhariri mzuri sana, mkae naye karibu. Sijaiona dizaini yako lakini nakisia anachosema: umechora kitu cha kutazamwa kikiwa kimelala bapa, na khanga haitazamwi hivo. Inafungwa kiunoni, inatupwa kichwani, inabeba mtoto, inaning'inia kwenye kamba. Katikati panakunjwa, pembe inaingizwa ndani, na lile jina, yani maneno ya khanga, mara nyingi linaangukia nyuma, ndo maana anayesemwa analisoma vizuri wakati msemaji anaondoka zake. Ukiweka picha kubwa ya nahodha katikati na uso wake ukaangukia kwenye mkunjo, umepata nahodha mwenye pua moja na nusu.

Misingi unaijua lakini niseme kwa wengine wanaosoma: pindo linazunguka pande zote nne, mji uko katikati, na jina liko kwenye kisanduku chini ya mji. Kipande kimoja ni kama mita moja na nusu kwa mita moja na kidogo, na vinauzwa viwili pamoja bila kukatwa, doti, mnunuaji anaenda kukata na kupinda mwenyewe. Vijana wengi wanaotoka kwenye kompyuta wanalidharau pindo, wanalifanya jembamba kama fremu ya picha. Pindo ndo linaloonekana mtu akishajifunga! Mji unajificha, pindo linabaki linatembea barabarani. Lipe upana, lipe uzito, pembe zake zifikirie kwanza kabla ya kitu chochote maana pembeni ndo michoro inapogongana.

Halafu rangi. Kiwandani, kwa uchapaji wa kawaida, kila rangi ina skrini yake ya kuchapia (fremu yenye wavu wa kupitishia wino, si ya kompyuta) au rola yake, kwa hiyo kila rangi unayoongeza ni hela. Khanga nyingi nzuri unazozikumbuka zina rangi chache sana. Angalia kisutu, nyekundu, nyeusi na nyeupe tu, na bibi harusi bado anaivaa. Ukiwa na vivuli vinavyofifia pole pole kama vya kwenye kompyuta utamwambia nini mchapaji? Vunja kila kitu kiwe maumbo bapa, na acha rangi moja iingie kidogo chini ya jirani yake ili kitambaa kikihama pasitokee mstari mweupe.

Jina liwe herufi kubwa, nzito, wazi. Zamani yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye zikashika hizi za Kirumi, na mpaka leo zile rahisi zisizo na madoido ndo zinasomeka mtu akiwa anatembea. Usilete fonti ya mwandiko wa mapenzi. Maneno yenyewe, methali ni za wote, "wema hauozi" hakuna atakayekushtaki, lakini ukiweza tunga lako, na mpelekee mamako na mashoga zake walipime. Wakicheka na kutazamana ujue limekaa.

Sasa kuitoa kwenye laptopu. Usikimbilie kiwandani, viwanda vinataka oda kubwa na hela yako itaishia kwenye marobota chini ya kitanda. Chapa kwanza kwenye karatasi kwa saizi kamili, karatasi za A3 zilizounganishwa kwa gundi, zinatosha kuona kama pindo lina nguvu ukiwa umesimama ng'ambo ya chumba. Ukiridhika tafuta kipande cha pamba nyeupe na fundi wa skrini za mkono, mchape rangi mbili, mpe mama ajifunge, piga picha akiwa anafanya shughuli zake. Hapo ndo utaona vinavyohitaji kurekebishwa, na ninakuhakikishia vitakuwepo. Baada ya hapo ndo uongee na wenye maduka.

Na we una bahati uko Mombasa bana. Tembea Mtaa wa Biashara, kwa Kaderdina Hajee Essak wapo kwenye biashara hii tangu 1887, zile khanga zenye alama ya "Mali ya Abdulla". Nenda ukaziguse, hesabu rangi, pima pindo kwa rula, wauzaji watakushangaa kidogo lakini nunua moja watakuzoea. Kupima upana wa pindo la mtu ni kujifunza, kuchukua ua lake na kulipachika kwako ni wizi, na alama ya biashara ya mtu hata usiikaribie. Mchoro wa korosho hauna mwenyewe, umezunguka dunia nzima, huo chora wa kwako.

Sasa dada, niko Nairobi, freelansa. Kuna mteja anataka logo ya mkahawa wake bure, anasema atanipa jina, ati watu wengi wataiona. Naye mwingine alinilipa vizuri mwaka jana na sasa hataki niweke ile kazi kwa potifolio, anasema ni mali yake. Haki yangu iko wapi?

Poa. Tuanze na huyo wa pili kwa sababu wengi hamlijui hili: Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, kifungu cha 31, inasema kazi ikiagizwa na mtu, hakimiliki inahesabika imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa kama mmekubaliana vingine. Kwa hiyo kama hamkuandika kitu, yeye ana hoja. Mwandikie kwa heshima, muombe ruhusa kwa barua pepe, wengi wanakubali ukiwaahidi utaonyesha baada ya bidhaa kutoka. Kuanzia sasa kwenye makubaliano yako weka mistari miwili tu: mteja anapata logo ya mwisho akishamaliza kulipa, na dizaina anabaki na michoro iliyokataliwa pamoja na ruhusa ya kuonyesha kazi kwenye potifolio. Ukurasa mmoja unatosha, hata lugha ya kawaida, mradi nyote mmesaini. Na chukua nusu ya hela kabla hujafungua kompyuta.

Huyo wa bure mwambie hapana, na mwambie bila kununa. Mtu akikuletea stori ya dizaina aliyefanya bure akawa maarufu, atakuwa anamzungumzia Milton Glaser, yule aliyechora ile alama ya I love New York yenye moyo mwekundu mwaka 1976, mchoro wa kwanza alichora kwenye teksi, na kweli hakulipwa. Lakini alikuwa na studio yake tayari, jina analo, na alitoa kwa jiji lake alilozaliwa wakati jiji lina hali mbaya. Alichagua mwenyewe. Carolyn Davidson alikuwa mwanafunzi huko Portland mwaka 1971 akachora ile alama ya Nike akalipwa dola 35, miaka kadhaa baadaye, 1983, ndo kampuni ikampa hisa. Hiyo ya hisa ilikuwa hisani yao, mkataba haukusema, na mwenye mkahawa wako sidhani ana hisa.

Ndo tofauti ninayotaka muishike wote. Mradi wako mwenyewe unachagua wewe, unaamua wewe umalizike lini, faili ni lako, na hakuna mtu wa kukwambia "ongeza logo kidogo iwe kubwa". Kazi ya bure ya mtu ina masharti yote ya mteja kasoro malipo. Zikifanana machoni kwa sababu zote hazina hela, basi angalia nani anatoa amri.

Nimeajiriwa Dodoma kama dizaina wa taasisi. Wikiendi nachora vikatuni vya ndege kwa ajili ya fulana zangu. Bosi kaziona akasema vile nimeajiriwa kuchora, vyote ni vya ofisi. Kweli?

Ulichochora ndani ya majukumu ya ajira, kwa kawaida haki za kiuchumi, yani za kuitumia na kuiuza kazi, ni za mwajiri isipokuwa mkataba useme vingine, hivo ndo sheria yetu ya hakimiliki ya Tanzania ya 1999 ilivyo. Ndege wako wa Jumamosi wasiohusiana na ofisi ni habari nyingine, ila soma mkataba wako kwanza, kuna mikataba inameza kila kitu. Na usimpe bosi sababu: usitumie laptopu ya ofisi, usitumie leseni ya programu ya ofisi, usitume faili kwa barua pepe ya ofisi. Programu za kuchorea za Inkscape na Krita ni za bure na zinatosha kabisa kwa fulana. Hifadhi michoro yako rafu na tarehe zake. Ndege wakianza kuuza nenda COSOTA, wale wa hakimiliki, uwasajili, na jina la biashara kwa BRELA, wale wa kusajili biashara.

Naanza miradi mingi simalizi hata mmoja. Nina mabuku ya michoro. Nifunge duka la ndoto zangu au? (Moshi)

Usifunge, punguza. Dizaina Michael Bierut alikuwa anawapa wanafunzi wake wa chuo cha Yale, Marekani, zoezi moja: chagua kitendo kimoja cha dizaini, kifanye kila siku kwa siku 100. Kimoja! Hakusema ujenge chapa nzima ya mavazi. Sisi wenye umeme wa kukatika na watoto wa shule hata 30 ni heshima. Herufi moja kila siku, au kibao kimoja cha duka ulichokiona njiani unakichora upya, dakika ishirini, unalala.

Kuna dizaina Stefan Sagmeister yeye alikuwa anafunga studio yake New York mwaka mzima kila baada ya miaka saba, hapokei wateja, anafanya majaribio yake, na alisema kazi za miaka iliyofuata zilitokea humo. Wazo zuri sana, mi nikifunga mwezi mmoja mwenye nyumba atakuwa mlangoni. Lakini nusu siku ya Jumatano unaweza kuifunga, uwaambie wateja simu inazimwa saa saba, na wakizoea hawaulizi. Dizaina mwingine, Paula Scher, kazi zake za ofisi ni logo za mabenki na matamasha, za haraka haraka, kikao juu ya kikao, na kwa upande wake mwenyewe anachora ramani kubwa kwa mkono, mji kwa mji, jina kwa jina, taratibu kabisa. Angalia alivyochagua kitu kilicho kinyume na ofisi yake. Kama kutwa unakaa kwenye skrini, mradi wako wa jioni usiwe kwenye skrini, pengine hiyo ndo sababu humalizi, umechoka macho tu.

Yale mabuku pitia, chagua mmoja, huo mmoja mpe mtu tarehe ya kumwonyesha. Mtu anayekudai anamaliza miradi kuliko hamasa.

Dada mimi natumia Canva, ile ya mtandaoni yenye templeti tayari, madizaina wa grupu letu wananicheka. Ni dhambi?

Si dhambi, tangazo la vikoba vya Ijumaa halihitaji Illustrator, programu ya kuchorea ya madizaina. Shida ni logo: ukijenga logo kwa vipicha vya kwenye maktaba ya Canva, masharti yao yenyewe hayakuruhusu kuisajili kama alama ya biashara, kwa sababu hicho kipicha na jirani yako anacho. Fonti, mistari na maumbo ya kawaida hayana tatizo. Mteja akikulipa logo chora ya kwake. Wanaokucheka waulize fonti zao wamenunua wapi.

Maswali ya toleo lijalo tumeni mapema, na kama swali lako ni la printi ambatanisha picha ya ile printi yenyewe uliyoipiga nje mchana, screenshot ya kompyuta hainisaidii kitu.